Amepona, Lakini

Pale Kigongo, kabla ya daraja, muuza samaki alikuwa na sekunde kama kumi tu za kufanya biashara. Ni kweli basi la Geita au la Sengerema lilikaa kwenye foleni hata saa mbili, na ungeweza kuzunguka dirisha kwa dirisha mpaka miguu ikaume. Lakini abiria wa nchi hii tunajuana. Anakuangalia, anauliza bei, anakuambia "subiri kwanza", halafu geti la kivuko likifunguliwa na dereva akawasha injini, hapo ndipo anachomoa noti ya elfu kumi. Sasa kazi inaanza. Unapokea noti, unatoa sato wa kukaanga wa elfu tatu, unarudisha elfu saba, na basi limeshaanza kutembea. Ukizidisha chenji, faida ya siku imekwenda Busisi. Ukipunguza, wewe ni mwizi, na utaitwa hivyo kwa sauti, mbele ya watu wote.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, aliifanya kazi hiyo miaka kumi na minne. Hakuwahi kuitwa mwizi.

Desemba 2023 bodaboda ilimgonga usiku kwenye barabara ya Usagara. Alipelekwa hospitali ambayo sitaitaja, wakamfungua fuvu usiku uleule na kutoa damu iliyokuwa imeganda juu ya ubongo. Walimwokoa. Hilo naliandika mapema ili mtu asije akasema nimesahau fadhila: bila wale madaktari na manesi tungezika. Siku ya kumi na moja akaruhusiwa. Baada ya wiki sita nikampeleka kliniki. Daktari kijana, mpole, akamwambia abane vidole vyake viwili, atembee mpaka mlangoni na kurudi, ataje jina lake, siku na jina la Rais. Mjomba akafanya yote. Daktari akamuuliza, "Una malalamiko yoyote, mzee?" Mjomba akasema hana. Kwenye kadi ikaandikwa kwa Kiingereza kwamba amepona vizuri, hana malalamiko.

Wiki iliyofuata alirudi kwenye foleni na beseni lake. Mteja wa kwanza alimpa noti ya elfu kumi. Mjomba akaishika, akaitazama, akaendelea kuitazama. Nilikuwa nimesimama hatua chache nyuma yake. Basi likaingia kwenye kivuko, mama wa watu akipiga kelele dirishani, na mjomba bado kaishika ile noti kama mtu aliyepewa barua kwa lugha asiyoijua. Siku ile kwa mara ya kwanza aliitwa mwizi.

Kijijini watu wakiuliza, "Vipi, amepona?", tulianza kujibu kwa maneno mawili: amepona, lakini. Na baada ya "lakini" hatukuongeza kitu, maana hatukuwa na neno lake.

Mimi nafundisha historia sekondari. Udaktari siujui. Ila mwalimu wa historia akishikwa na jambo, hujiuliza lilianza lini na nani alilianzisha. Nikataka kujua: ni nani kwanza aliyeamua kwamba mtu akishafunguliwa kichwa aulizwe nini, ili ijulikane kama kazi ile ilifanikiwa? Nilidhani nitapata jibu la ukurasa mmoja. Nimekaa nalo zaidi ya mwaka.

Naanza karibu na nyumbani, kwenye milima ya mashariki ya ziwa hilihili. Wakisii wa Kenya walikuwa na mafundi wa kufungua fuvu, mmoja akiitwa omobari, muda mrefu kabla ya hospitali kuwafikia, na waliendelea na kazi hiyo hata katikati ya karne ya 20. Daktari wa akili kutoka Canada, Edward Margetts, aliyefanya kazi Mathari, Nairobi, katika miaka ya 1950, aliwachunguza na kuandika habari zao mwaka 1967. Mtu alikwenda kwa omobari kwa sababu moja kubwa: alipigwa kichwani, labda miezi au miaka iliyopita, na kichwa kimekataa kuacha kuuma. Fundi alipasua ngozi, akakwangua mfupa, akafunga kidonda.

Wazungu wengi waliosoma habari hii walishangazwa na ujasiri wa upasuaji wenyewe. Mimi nilishangazwa na kipimo. Mgonjwa wa omobari alikuja na lalamiko lake mwenyewe, na mafanikio yalikuwa lalamiko hilo kuondoka. Hakuna aliyemwambia abane vidole. Swali lilikuwa: bado kinauma? Sitaki kupaka sukari hapa. Waliokufa hawakuulizwa kama kichwa kinauma, na hakukuwa na daftari la kuwahesabu. Kwa hiyo sifa za omobari zilisemwa na waliobaki hai, kama zinavyosemwa sifa za nahodha na wale waliofika bandarini. Hata hivyo swali lenyewe lilikuwa la mgonjwa, na ilichukua hospitali muda mrefu mno kulirudia.

Hospitali zilianza na vifo, na si ajabu. Boston, Marekani, miaka ya 1890, wanafunzi wawili wa udaktari, Harvey Cushing na Ernest Amory Codman, walipewa kazi ya kuwalaza wagonjwa kwa etha kabla ya upasuaji. Mgonjwa mmoja akafia mikononi mwa Cushing. Vijana hao wakawekeana dau la chakula cha jioni, nani ataweza kuwalaza watu vizuri zaidi, wakaanza kuandika mapigo ya moyo na pumzi kwenye karatasi kila dakika chache. Cushing ndiye huyo baadaye aliyeitwa baba wa upasuaji wa ubongo wa kisasa. Alipoanza, kufunguliwa kichwa kwa ajili ya uvimbe kulikaribia hukumu ya kifo. Alipostaafu, vifo vya mezani kwake vilikuwa vimeshuka chini ya kumi kwa mia, na mwaka 1931 alifikisha uvimbe wa 2000 uliothibitishwa. Louise Eisenhardt, aliyeanza kama msaidizi wake wa maandishi kisha akawa daktari wa kuchunguza uvimbe, ndiye aliyetunza daftari la nani aliishi na nani alikufa. Cushing pia aliwaomba wagonjwa wamwandikie barua kumweleza wanaendeleaje. Sifa yake lakini ilijengwa juu ya hesabu ya vifo. Zile barua zilikaa kwenye mafaili.

Rafiki yake Codman alikwenda mbali zaidi, na akaumia zaidi. Alisema jambo ambalo leo linaonekana la kawaida kabisa: kila hospitali imfuatilie kila mgonjwa mpaka ijulikane matibabu yalimsaidia au la, na kama hayakumsaidia, iulizwe kwa nini. Mwaka 1911 akafungua hospitali yake ndogo, akaandika kadi ya kila mgonjwa na kumtafuta tena baada ya mwaka na zaidi. Kisha akachapisha makosa yake. Kati ya wagonjwa 337 walioruhusiwa kati ya 1911 na 1916, alihesabu makosa 123. Mwaka 1915 alionyesha mbele ya mkutano wa madaktari wa Boston kikaragosi cha mbuni aliyefukia kichwa mchangani huku akitaga mayai ya dhahabu kwa ajili ya madaktari. Unaweza kuwaza walivyompokea. Alikufa mwaka 1940, na kaburi lake likakaa miongo mingi bila hata jiwe la jina.

Nimemtaja Codman kwa urefu kwa sababu ya hilo la mwaka mmoja. Kwenye kliniki ya wiki sita mjomba alikuwa mzima. Na kweli, ndani ya chumba kile, kwenye kiti kile, alikuwa mzima.

Baada yake yalikuja madaraja. Mwaka 1949 David Karnofsky na mwenzake wa New York walikuwa wanajaribu dawa za saratani, wakatunga ngazi ya sifuri mpaka mia, daktari akimpa mgonjwa maksi kumi kumi kadiri anavyoweza kujihudumia. Wapasuaji wa ubongo wakaichukua kwa wagonjwa wa uvimbe. Mwaka 1957 John Rankin, Glasgow, akatunga madaraja matano ya watu waliopata kiharusi. Ni maksi za mwalimu hizi. Nazijua, natoa kila muhula: zinasaidia kupanga darasa, lakini hazikuambii mtoto anaweza nini nyumbani kwao.

Glasgow tena, Machi 1975. Bryan Jennett, profesa wa upasuaji wa ubongo, na Michael Bond, daktari wa akili, walichapisha katika The Lancet makala fupi ambayo bado inatawala fani hii. Mwaka mmoja kabla, Jennett na Graham Teasdale walikuwa wametoa kile kipimo cha fahamu cha alama 3 mpaka 15 ambacho nesi yeyote wa chumba cha dharura hapa Mwanza anakijua. Hicho kinamhusu mtu anapoingia. Cha 1975 kinamhusu mtu anapotoka. Kina ngazi tano: amekufa, anaishi bila kujitambua, ana ulemavu mkubwa na anategemea watu, ana ulemavu wa wastani lakini anajitegemea, amepona vizuri.

Kilichowasukuma ni jambo zito. Mashine za kupumua na vyumba vya uangalizi maalumu vilikuwa vimeanza kuwaokoa watu ambao zamani wangekufa njiani, na Jennett alikuwa na ujasiri wa kuuliza: tunawaokoa wakawe nani? Aliona kwamba ukihesabu waliokufa na waliobaki tu, mtu aliyelala kitandani bila kujua jina lake na mtu aliyerudi kuendesha basi wanaandikwa safu moja.

Nilipoisoma makala hiyo, kwa simu, kwa kamusi, na kwa msaada wa mwalimu mwenzangu wa baiolojia, nilikwama mahali pawili. Kwanza, ngazi ya juu kabisa, ile ya kupona vizuri, haidai mtu arudi kama alivyokuwa. Inaruhusu kasoro ndogondogo za mwili na akili, mradi maisha ya kawaida yanaendelea. Kwa hiyo daktari wetu kijana hakudanganya. Alitumia neno kama linavyotumika. Miaka iliyofuata Jennett mwenyewe na wenzake walionyesha kwamba kinachowavuruga zaidi watu walioumia kichwa katika kuishi na wenzao ni mabadiliko ya akili na tabia kuliko udhaifu wa mkono au mguu. Mkono hupimwa kwa kubana vidole. Hasira je? Mjomba, ambaye hatukuwahi kumsikia akipaza sauti, alianza kuwafokea wanangu kwa sababu ya kijiko kuanguka. Ikifika saa nane mchana anasema kichwa kimejaa, anaingia ndani analala, na ukimwamsha ni ugomvi. Mke wake anasema, "Wamenirudishia mwingine." Anasema akicheka, lakini anasema.

Pili, Jennett na Bond walionya kwamba kurudi kazini kusipewe uzito kupita kiasi, kwa sababu kunaweza kudanganya pande zote mbili: kazi ya mtu inategemea pia hali ya uchumi mahali anapoishi. Sentensi hiyo niliipita haraka. Nitairudia.

Ngazi zile tano zilikuja kutanuliwa zikawa nane, na mwaka 1998 Lindsay Wilson, Laura Pettigrew na Teasdale wakaandika maswali ya kuulizwa, ili madaktari wawili wasimpe mtu mmoja ngazi mbili tofauti. Maswali yenyewe, ukiyaleta katika Kiswahili cha kawaida, ni haya: Anahitaji mtu wa kumsaidia nyumbani kila siku? Anaweza kwenda dukani mwenyewe? Anaweza kusafiri mwenyewe maeneo ya karibu? Anafanya kazi kama zamani? Anatoka kukaa na watu? Kuna magomvi mapya nyumbani tangu aumie? Na kwa kila swali: kabla ya ajali alikuwaje?

Bwana, niliposoma pale kwenye kwenda dukani nilisimama nikazunguka uwanja mzima. Kwenda dukani! Kumbe kuna watu Scotland walishakaa mezani wakafikiri kwamba kutoa pesa, kupewa kitu na kurudishiwa chenji ni kipimo cha ubongo. Mjomba alikuwa upande wa pili wa meza hiyohiyo. Na kuna jingine: wanashauri aulizwe pia ndugu anayeishi na mgonjwa, kwa kuwa aliyeumia ubongo mara nyingi hajioni alivyobadilika. "Una malalamiko yoyote, mzee?" Hana. Mimi nilikuwa nimekaa palepale kwenye benchi, na mkoba wa karatasi zake mapajani, na hakuna aliyeniuliza. Na mimi sikusema. Tulifundishwa kunyamaza mbele ya daktari, na nilinyamaza vizuri.

Lakini swali zuri lililoandikwa Glasgow linafikaje huku kwetu? Mfano ninaoujua wa watu waliojaribu kwa dhati uko Mbale, mashariki mwa Uganda, na unahusu watoto wachanga.

Benjamin Warf, daktari wa Marekani, alihamia Mbale na familia yake mwaka 2000 kwenye hospitali ya watoto ya CURE. Alichokutana nacho ni vichwa vikubwa: watoto ambao maji ya ubongo hayapati njia ya kutoka, kichwa kinatanuka, ubongo unabanwa. Wengi wao walikuwa wamepata maambukizi makali wakiwa wachanga. Tiba ya siku zote ni mrija unaopitishwa chini ya ngozi kutoka kichwani mpaka tumboni. Swali lake la kwanza lilikuwa la mfukoni. Mrija wa India uliuzwa kama dola 35, wa Marekani kama dola 650. Aliwalinganisha watoto 195 na mwaka 2005 akatoa majibu: baada ya mwaka mmoja hakuna tofauti. Ningependa kila mnunuzi wa vifaa vya hospitali aisome hiyo.

Lakini mrija, wa bei yoyote, huziba. Ukiziba mtoto akiwa London, mama anapiga simu. Ukiziba akiwa kijiji cha kutwa nzima kutoka barabarani, mtoto anakufa. Kwa hiyo Warf na madaktari wa Uganda, John Mugamba akiwa miongoni mwao, wakaendeleza njia ya kuingiza kamera nyembamba, kutoboa tundu ndani ya ubongo maji yapite, na kuchoma sehemu ya tishu inayoyatengeneza. Mtoto anabaki bila mrija. Kwa miaka mingi ushindi ulipimwa hivi: ni wangapi hawakuhitaji kufunguliwa tena? Ni kipimo cha fundi bomba, na sikisemi kwa dharau, kwa sababu bomba likiziba kila kitu kingine kimekwisha.

Kisha wakawafuatilia watoto miaka mitano. Kati ya wale waliougua baada ya maambukizi, karibu theluthi walikuwa wamekufa, na angalau theluthi ya waliobaki walikuwa na ulemavu mkubwa. Walioitwa "waliofanikiwa" mezani walikuwa humo ndani. Uchunguzi mwingine, wa watoto waliozaliwa na mgongo wazi, ulionyesha jambo ambalo hakuna kisu kinachoweza kulifanya: waliotoka wilaya zenye mpango wa kuwatembelea na kuwahudumia walemavu majumbani waliishi zaidi kuliko wa wilaya zisizo nao. Upasuaji ule ule, hospitali ile ile. Tofauti ilikuwa nani anabisha hodi nyumbani.

Ndipo mwaka 2017, katika New England Journal of Medicine, Abhaya Kulkarni wa Toronto, Warf, Mugamba na wenzao wakachapisha jaribio la watoto 100 wa Uganda: 51 walitibiwa kwa kamera, 49 kwa mrija, kwa kura. Na kipimo kikuu hakikuwa bomba. Walipima akili ya mtoto mwaka mmoja baadaye: anafuata kitu kwa macho, anatafuta kilichofichwa, anaelewa. Kwenye kipimo hicho mtoto wa kawaida hupata kama 10. Wa kamera walipata 4 katikati ya kundi, wa mrija 2, na kitakwimu hakuna aliyemshinda mwenzake.

Wapo waliosoma matokeo hayo kama sare. Mimi naona ni watu waliokubali kujiuliza swali ambalo jibu lake lingewauma. Wangeweza kuendelea kuhesabu mirija. Walichagua kuuliza ambacho mama anauliza, huyu mtoto atanijua?, na jibu likawa kwamba njia zote mbili zinaokoa uhai lakini ubongo ulishaumia kabla ya kufika mezani.

Mwaka huohuo wa 2017 Maria Santos na wenzake wa Bugando, hapa Mwanza, walichapisha makala kuhusu watoto hao hao wa vichwa vikubwa, na kichwa chake cha habari kinasema kwamba hii ndiyo hali halisi upande wa Tanzania wa ziwa. Napenda sana hilo neno, upande. Bugando, pale juu ya kilima tangu 1971, inapokea rufaa za Kanda ya Ziwa yote. Wa Sengerema, Geita na Chato walivuka maji kuifikia, na walipita Kigongo. Nimekua nikiwaona. Mama ameshuka kwenye kivuko, mtoto mgongoni amefunikwa kanga mpaka kichwani, na sisi tunajua kwa nini amemfunika. Kwenda, wanakwenda, kwa nauli ya ng'ombe aliyeuzwa. Kurudi kliniki baada ya miezi sita ndiyo habari nyingine. Ng'ombe ni mmoja.

Soma makala za hospitali zetu, hata zile nzuri za Phillipo Chalya na wenzake wa Bugando, waliopaza sauti mwaka 2010 kwamba pikipiki zimekuwa janga jipya la afya jijini Mwanza. Kinachoweza kupimwa ni kile kilichotokea ndani ya geti: siku ngapi alilala, alikufa au hakufa. Wanaovuka maji kurudi kwao wanaingia kwenye safu ya waliopotea. Hawajapotea hata kidogo, wako Busisi wanapalilia mihogo. Kuna aliyepona kabisa akaona hana haja ya kupoteza nauli, na kuna aliyezikwa, na kwenye takwimu wote wawili ni kitu kimoja.

Simu ndiyo imeanza kubadilisha hilo. Na ndiyo inanirudisha kwa mjomba.

Juni 19, 2025 Rais Samia alizindua daraja la J.P. Magufuli, kilomita tatu juu ya Ghuba ya Mwanza. Nilikuwepo na nilishangilia. Magari ya wagonjwa sasa yanapita kwa dakika chache pale yaliposubiri kivuko. Lakini foleni ilikwisha siku ileile, na waliokuwa wanaishi kwa foleni wakaishiwa. Wengine wakahamisha mabeseni yao Usagara, wengine wakarudi kulima. Mjomba alikuwa ameshaacha. Tangu kuitwa mwizi mara ya tatu alikaa nyumbani, na siku moja jirani mvuvi alimwachia wavu uliochanika, basi akaushona. Vidole vinakumbuka, hesabu haihitajiki. Leo wavuvi wanamletea nyavu kutoka mwaloni. Wanamlipa kwa samaki, au wanampa pesa mke wake.

Agosti simu ikaita. Msichana, sauti ya mwanafunzi, akasema shikamoo, akajieleza vizuri, yuko kwenye utafiti wa waliofanyiwa upasuaji wa kichwa, akaomba ridhaa. Niliyatambua maswali kabla hajayamaliza. Nyumbani anajihudumia? Ndiyo. Dukani anakwenda mwenyewe? Anakwenda na karatasi na pesa kamili, isiyo na chenji. Akanyamaza kidogo, nikasikia anaandika. Magomvi? Nikamwambia ukweli.

"Na je, amerudi kwenye kazi aliyokuwa anaifanya kabla ya ajali?"

"Kazi yenyewe haipo, mwanangu. Kuna daraja."

"Kwa hiyo niandike hapana?"

"Hata asingeumia ingekuwa hapana."

Kimya. "Sasa hivi anafanya nini?"

"Anashona nyavu."

"Alikuwa anashona kabla?"

"Hapana."

Akaomba akamuulize msimamizi wake, nikajua imeishia hapo. Lakini baada ya siku mbili alipiga tena. Akasema fomu haina sehemu ya jambo kama hilo, ila chini kabisa kuna mistari miwili ya maelezo, na angependa kuijaza kwa maneno ya nyumbani. Niseme nini?

Mjomba alikuwa kibarazani, wavu mapajani, mchana haujafika saa nane. Nikampelekea simu.